Alaina kwa kijana mwenye meno yaliyobanana: maswali ya wazazi wa Tabora

Mimi ni daktari wa meno hapa Tabora mjini. Siyo bingwa wa kupanga meno; mabingwa hao nchini ni wachache na wengi wako Dar es Salaam. Kazi yangu ni kumwandaa mtoto kabla hajasafiri, kisha kumwangalia akirudi nyumbani na boksi lake la alaina, vile vifuniko vya plastiki angavu vya kupangia meno. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa na wazazi, mengine wakiwa wameshasimama mlangoni wanaaga, na hayo mara nyingi ndiyo yenye uzito zaidi.

Meno kubanana ni nini, na mwanangu kayatoa wapi?

Meno yamebanana pale upana wake wote kwa jumla unapozidi nafasi iliyopo kwenye taya. Fikiria benchi la watu wanne lililokaliwa na watu sita. Mmoja atasukumwa mbele, mwingine atakaa upandeupande, na aliyechelewa kufika atasimama. Kinywani anayechelewa ni chonge la juu. Hutoka kwenye miaka 11 au 12 hivi, wakati meno ya mbele yameshakaa, kwa hiyo likikosa nafasi hubaki juu ya ufizi, nje ya mstari. Ndiyo maana wazazi wengi huja wakisema mtoto ameota "jino juu ya jino".

Sababu kubwa ni urithi wa ukubwa wa taya na wa meno. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Zipo hata hivyo sababu mbili tunazoweza kuzuia, na naomba nizieleze bila kukimbia.

Ya kwanza ni kung'oa magego ya utoto mapema. Jino la utoto linapotoboka, wengi husema "si la utoto, litaota lingine". Ni kweli litaota, lakini gego la utoto lina kazi ya kumshikia nafasi mwenzake hadi miaka 10, 11 au 12. Likitolewa mtoto ana miaka 6 au 7, gego kubwa la kudumu lililo nyuma yake husogea mbele taratibu na kuikalia ile nafasi. Jino halali likija linakuta mlango umefungwa. Kuziba jino la utoto leo ni nafuu mno kuliko kupanga meno baada ya miaka sita. Na kama halizibiki, muulize daktari kama mtoto anahitaji kifaa cha kushikilia nafasi.

Ya pili ni "meno ya plastiki". Mtoto mchanga anaharisha au ana homa, mtu anaona vivimbe vyeupe kwenye ufizi, basi vinakwanguliwa kwa kitu chenye ncha. Vile si plastiki wala si ugonjwa. Ni chonge za utoto zinazojiandaa kutoka. Mtoto anaweza kupoteza damu au kupata maambukizi mabaya. Anayepona anaweza kukua akiwa amekosa jino, au jino la kudumu limeota likiwa na kasoro au limepotoka. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvichumvi (ORS) na kituo cha afya. Tafadhali waambie na majirani.

Na gego la mwisho, ndilo linasukuma mengine?

Imani hiyo ni ya zamani na hata madaktari walikuwa nayo. Utafiti haujaithibitisha. Usikubali kung'olewa gego la mwisho kwa ajili ya kuzuia meno ya mbele yasibanane.

Alaina ni kitu gani hasa?

Ni kifuniko chembamba cha plastiki angavu kinachovaliwa juu ya meno, kimoja juu na kimoja chini. Meno hupimwa kwa skani au kwa kuchukua chapa, kisha programu ya kompyuta inayapanga hatua kwa hatua hadi yanapotakiwa kufika. Kila hatua hutengenezewa alaina yake. Mtoto huvaa moja kwa wiki moja au mbili, anaiacha, anaingia inayofuata. Kila moja husogeza jino karibu robo ya milimita. Kampuni ya kwanza kuzitengeneza kwa mfumo huu wa kompyuta, Align Technology, ilianzishwa California mwaka 1997, na Invisalign ni jina la bidhaa yake. Leo watengenezaji ni wengi.

Wazazi hushangaa plastiki laini inawezaje kusogeza jino lililojikita kwenye mfupa. Jino halikugandishwa kwenye mfupa. Limening'inizwa humo kwa nyuzinyuzi hai. Likibanwa upande mmoja kwa nguvu ndogo isiyokatika, chembe hai za mfupa wa upande ule huula mfupa, na nyuma ya jino chembe nyingine hujenga mfupa mpya. Jino linatembea kwa sababu mwili unabomoa mbele yake na kujenga nyuma yake. Naomba ulikumbuke neno "isiyokatika" tutakapofika kwenye saa za kuvaa.

Juu ya baadhi ya meno daktari hubandika vinundu vidogo vyenye rangi ya jino, vya dawa ileile ya kuzibia meno. Hivyo ndivyo alaina inavyoshika ili kugeuza jino au kulivuta. Mwisho wa matibabu huondolewa kwa kusuguliwa.

Umri gani unafaa?

Kwa meno yaliyobanana, wengi huanza meno ya kudumu yakiwa yametoka karibu yote, yaani miaka 12 au 13 kuendelea. Mlete aangaliwe mapema zaidi, akiwa na miaka 7 hivi, hata kama hatafanyiwa lolote siku hiyo. Taya la mtoto anayekua linaweza kupanuliwa kwa urahisi ambao hautakuwepo akiwa na miaka 18.

Ninapenda sana kipindi kimoja ambacho watu wengi hawakifikirii: mtoto amemaliza mtihani wa darasa la saba Septemba na anasubiri kidato cha kwanza Januari. Umri ni ule wa miaka 13 au 14, yuko nyumbani, na miezi mitatu minne inatosha kumjengea mazoea mbele ya macho yako. Akienda shule, kuvaa na kuvua kumeshakuwa kama kupiga mswaki.

Alaina zinafaa kwa kila aina ya kubanana?

Hapana. Tunapima upungufu wa nafasi kwa milimita. Ukiwa chini ya milimita 4 tunasema ni mdogo, na alaina huumudu vizuri. Kati ya 4 na 8 ni wa wastani: alaina nyingi humudu, kwa mpango mzuri na mtoto anayevaa. Ukizidi 8, mara nyingi lazima meno mengine yang'olewe, na hapo nyaya zinazogundishwa kwenye meno bado zina nguvu kuliko plastiki, hasa katika kusimamisha mizizi wima wakati pengo linafungwa. Kugeuza jino la mviringo kama chonge au gego dogo, na kuvuta chonge lililobaki juu sana, pia ni kazi ngumu kwa alaina.

Ninasema hivi kwa sababu nimewaona wazazi walioshakusanya fedha kwa ajili ya alaina wakavunjika moyo bingwa alipowaambia "huyu ni wa nyaya". Nyaya si adhabu. Mtoto asiyekumbuka kuvaa kitu cha kuvua na kurudisha hufika mbali zaidi na nyaya zilizogundishwa, kwa sababu hazimsubiri akumbuke.

Nafasi ya kuyapanga inatoka wapi? Watamng'oa?

Inatoka njia nne: kupanua upinde wa meno, kuyainamisha kidogo ya mbele kuelekea nje, kuyarudisha nyuma magego, au kupunguza upana wa meno yenyewe. Kupunguza huku ni kusugua kidogo sana kati ya jino na jino, kwa kawaida isiyozidi nusu milimita kwa kila mpaka. Tabaka gumu la nje la jino linahimili kiasi hicho kikifanywa na mtu anayejua. Kung'oa ni pale hizo zote hazitoshi, na mara nyingi hutolewa magego madogo ya kwanza. Bingwa akisema ang'oe, mwombe akuonyeshe vipimo na picha ya eksirei. Akisema hang'oi kwenye meno yaliyobanana sana, mwombe vilevile, maana meno yakisukumwa nje kupita mfupa wake, ufizi hushuka.

Avae saa ngapi?

Saa 20 hadi 22 kwa siku. Akilenga 22, zinabaki mbili za kula na kupiga mswaki. Hesabu nami siku ya mwanafunzi wa kutwa: chai ya asubuhi dakika 20, uji wa mapumziko dakika 15, chakula cha mchana dakika 30, cha usiku dakika 30, na mswaki baada ya kila mlo. Saa mbili zimekwisha. Haibaki nafasi ya karanga za njiani wala soda ya kupita.

Akivaa usiku peke yake, jino husogea usiku na kurudi mchana. Meno hulegea na kuuma bila kwenda popote, kisha alaina inayofuata inakataa kukaa. Hapo ndipo naletewa boksi na kuambiwa "zimetengenezwa vibaya". Nikichungulia naona mwanya kati ya ncha ya jino na plastiki, na najua kilichotokea. Vipimo vilivyofichwa ndani ya vifaa vya aina hii vimeonyesha mara kwa mara kwamba watu huvaa saa chache kuliko wanavyosema, na vijana wala hawadanganyi kwa makusudi, muda unawaponyoka. Baadhi ya alaina za vijana zina kidoa cha buluu kinachofifia kwa kuvaliwa. Usikitumie kama kamera ya polisi. Kaa naye, mkiangalie pamoja kila Jumapili.

Anasoma shule ya bweni. Itawezekana?

Tabora ni mji wa shule za bweni tangu enzi za wakubwa wetu, kwa hiyo hili naulizwa kila likizo. Inawezekana, lakini kwa masharti.

Mkabidhi alaina za muhula mzima zikiwa kwenye pakiti zenye namba, na karatasi yenye tarehe ya kubadilisha kila moja. Mpe vibebeo viwili vyenye jina lake, maana kimoja kitapotea. Zungumza na matroni au patroni, umweleze kwamba mtoto anahitaji dakika tano za kusukutua baada ya chakula, na kwamba ile plastiki si mchezo wa kuchezea darasani. Mwombe pia mwanao achague rafiki mmoja wa kumkumbusha.

Sehemu hatari zaidi ni bwaloni. Mtoto anavua, anaifunga kwenye karatasi, anaiweka kando ya sahani, kengele inalia, sahani inakusanywa. Alaina imekwenda na makombo. Kanuni ni fupi: ikitoka mdomoni inaingia kwenye kibebeo. Mfukoni inavunjika, na kwenye karatasi itatupwa.

Maji yakiwa ya shida, kikombe kimoja kinatosha kusukutua mdomo na kuisuuza. Kama mwanao bado anakumbushwa kupiga mswaki akiwa na miaka 14 na anakwenda bweni mbali, ningemshauri mzazi asubiri au achague nyaya.

Chakula je?

Anakula kila kitu, ila akiwa amevua. Kinachoruhusiwa akiwa amevaa ni maji ya kawaida tu. Chai na uji wa moto huipinda plastiki, na chai huitia rangi. Soda, juisi na chai ya sukari huingia chini ya alaina na kukaa pale, mate yasiweze kuiosha, na jino linalowekwa ndani ya sukari kwa saa nzima huanza kuoza. Asali yetu ya Tabora ni tamu na ni sukari vilevile: alambe akiwa amevua, apige mswaki, ndipo arudishe.

Vile vinundu ndivyo vinavyoteseka na vyakula vigumu. Matobolwa makavu, michembe ambayo haijaiva vizuri, muwa unaomenywa kwa meno, mahindi ya kuchoma ya kung'ata kwenye gunzi: vyote huving'oa. Muwa ukatwe kwa kisu, mahindi yapukuchuliwe. Kinundu kikitoka siyo dharura, ila nipigie, kwa sababu bila hicho jino lile halifuati mpango.

Zinauma?

Siku mbili tatu za kila alaina mpya mtoto huhisi kubanwa. Abadilishe usiku anapokwenda kulala, na paracetamol kwa kipimo cha umri wake inatosha. Kithembe cha siku za mwanzo huisha. Asome kwa sauti nyumbani. Ukingo ukikwaruza ulimi, njoo tuulainishe.

Anazisafishaje?

Mswaki laini na maji ya baridi au ya uvuguvugu kidogo. Asichemshe kamwe, na asiziache juani kwenye dashibodi ya gari. Dawa ya meno yenye chembe ngumu huzichubua zikawa na ukungu. Meno yenyewe apige mswaki kwa dawa yenye floraidi asubuhi na kabla ya kulala, na kila akimaliza kula kama anaweza.

Kabla ya kuanza, meno yote yaliyotoboka yazibwe na ugaga uondolewe. Hilo halihitaji safari. Linafanyika hapa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete ikiwemo, na kwa ndugu zetu wa Kigoma, Hospitali ya Maweni. Jino likizibwa baada ya kupimwa, umbo lake hubadilika na alaina hazitakaa.

Imepotea au imepasuka. Nifanye nini?

Usisubiri miadi. Piga simu siku hiyohiyo. Kama alikuwa amebakiza siku moja au mbili, mara nyingi tutamwambia aingie inayofuata. Kama alikuwa ameianza juzi, arudi kwenye iliyotangulia ili meno yasirudi. Ndiyo maana tunasema alaina ya zamani isitupwe mpaka mpya iwe imezoeleka.

Mwanangu ana selimundu. Anaruhusiwa?

Selimundu peke yake haimzuii. Bingwa lazima ajue tangu siku ya kwanza, na daktari anayemtibu ashirikishwe. Mpango hufanywa kwa nguvu ndogo, kung'oa huepukwa inapowezekana, na maambukizi ya ufizi hayaachwi hata siku moja. Mweleze pia kuhusu pumu, kisukari na dawa zozote anazotumia.

Tutasafiri Dar mara ngapi?

Kutoka Tabora kwa reli ya kati ni zaidi ya kilomita 800, na kutoka Kigoma ni zaidi ya 1,200. Alaina zina faida hapa: hazina waya wa kukazwa kila mwezi. Safari zisizokwepeka ni ya vipimo, ya kubandika vinundu, ya kukagua katikati na ya kumaliza. Nyingine hutegemea mtoto. Kati ya safari hizo hupiga picha kwa simu: mbele, kulia, kushoto, juu na chini, akiwa amevaa na akiwa amevua, mchana karibu na dirisha, kijiko kikivuta shavu. Picha nzuri imewaokolea watu wengi nauli. Kubaliana na bingwa mapema ni mara ngapi utatuma na nani atajibu.

Gharama ikoje, na bima italipa?

Bei hutofautiana sana kwa idadi ya alaina na mtengenezaji, kwa hiyo sitaji namba. Ninachokuomba ni uulize kilichomo ndani ya bei, kwa maandishi: vipimo na eksirei vimo? Alaina za nyongeza mwishoni, ambazo wengi huzihitaji, zimo? Iliyopotea inalipiwa kiasi gani? Riteina, yaani vifaa vya kuyashikilia meno yasirudi baada ya matibabu, zimo? Ongeza nauli na malazi, ndipo ulinganishe na nyaya. Kwa bima, usidhani. Peleka barua ya bingwa, upate jibu kabla hujalipa shilingi moja.

Nimeona za kuagiza mtandaoni, unajipima mwenyewe nyumbani.

Usimfanyie mtoto hivyo. Chapa ya meno haionyeshi mizizi, haionyeshi jino lililofichwa ndani ya mfupa, haionyeshi ufizi mgonjwa. Kwa kijana ambaye chonge lake bado halijatoka, kusogeza meno bila eksirei kunaweza kuuharibu mzizi wa jino la jirani. Kuna na hatari ya kubaki njiani: SmileDirectClub ya Marekani, iliyouza alaina kwa mtindo huo, ilifunga shughuli Desemba 2023 na wateja wengi walikuwa katikati ya matibabu. Hakikisha anayemtibu mwanao amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na unaweza kukaa naye ana kwa ana.

Mwezi wa Ramadhani?

Saa za mchana huwa rahisi, maana havui kwa ajili ya kula. Changamoto ni kuanzia futari hadi daku: tende, uji na chai huendelea usiku kucha huku alaina imelala kwenye kibebeo. Ale futari, apige mswaki, avae, avue tena kwa daku. Mwenye swali la kidini amuulize sheikh wake.

Binti yangu ana mwanya na anaupenda. Utafungwa?

Sema mapema. Kwenye kompyuta mwanya huonekana kama pengo la kufunga, na mpangaji asiyetujua ataufunga. Mwanya unaweza kuachwa ulivyo huku meno ya chini yaliyobanana yakipangwa. Daktari anaweza kuwa na sababu ya kupinga, aieleze. Lakini uzuri wa uso wa binti yako usiamuliwe na programu.

Akimaliza, basi?

Hapana, anaingia kwenye riteina. Mfupa mpya unahitaji miezi mingi kukomaa, na nyuzinyuzi za ufizi huvuta meno kurudi yalikotoka. Miezi ya mwanzo huvaa kama daktari alivyosema, kisha kila usiku kwa miaka. Kwa meno ya chini ya mbele, ambayo ndiyo hurudi upesi kuliko yote, mabingwa wengi hugundisha waya mwembamba kwa nyuma. Riteina ikianza kubana, mtoto ameruka siku. Ikikataa kuingia, njoo wiki hiyohiyo, kabla ya mwezi kuisha.

Mwanangu hataki. Mimi ndiye ninayetaka.

Basi usianze mwaka huu. Mzazi anaweza kulipia alaina, lakini hawezi kumvalia. Meno yaliyobanana kiasi bila kuoza wala kuumiza ufizi yanaweza kusubiri mwaka, na mtoto wa miaka 13 anayekataa huwa mtu mwingine akiwa na 15. Kisichopaswa kusubiri ni chonge lisiloonekana kabisa ifikapo miaka 13, au jino linaloumiza jingine mtoto anapotafuna. Hayo mlete, tupige eksirei. Vinginevyo mlete peke yake aingie ndani, wewe ukae nje kwenye benchi. Nitampa kioo, nimuulize yeye anaona nini.